Muulize Mwalimu: Mwizi wa nukta kumi

Toleo lililopita nilisema, kwa sentensi moja tu ya kupitia, kwamba majira ya joto huwa nashinda ubaoni na wanafunzi sita tukihangaika na grafu. Sentensi moja, na sanduku la barua likajaa. Nimechagua nne. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake ni refu zaidi. Mwenye haraka aruke aende ya pili.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 21, mzaliwa wa Uvira, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na tangu 2018 tuko Iowa na familia. Grini kadi tunazo. Niko mwaka wa pili chuoni, nasoma hisabati. Profesa wangu alinisukuma niombe programu ya utafiti ya majira ya joto, wiki nane, jimbo lingine, mada nadharia ya grafu. Nimechaguliwa. Malazi wanalipa wao, na posho ni dola 600 kwa wiki. Shida ni kwamba kila likizo nafanya kazi kiwanda cha nyama pamoja na baba, dola 19 kwa saa, na Jumamosi kuna ovataimu. Baba aliniuliza, utafiti wa nini? Nikamchorea vidoti na mistari. Akanitazama tu, akaenda kulala. Kusema kweli hata mimi sijui nitakwenda kufanya nini. Nina C mbili, Kiingereza changu kina lafudhi, na wenzangu tisa wanatoka vyuo vyenye majina. Niende huko au niende kiwandani? — Kijana wa Nyarugusu, Iowa

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa na haraka kuliko jarida hili, ndiyo maana nilikujibu kwanza kwa barua pepe. Hapa naichapa kwa ruhusa yako.

Tuanze na baba, kwa sababu hesabu yake ni ngumu kuliko yako. Kiwandani, saa 40 kwa dola 19 ni dola 760 kwa wiki. Posho ni 600. Pengo ni 160, na kwa wiki nane ni 1,280. Hilo linaongeleka. Lakini baba hahesabu hivyo, anahesabu na Jumamosi. Saa nane za ovataimu kwa dola 28.50 ni dola 228 juu yake, na hapo pengo la wiki nane linafika 3,104. Hiyo ni kodi ya nyumba. Profesa anayekuambia uende tu, bila kuitaja hiyo namba, ana nia njema ila hajui nyumbani kwenu bili zinabandikwa wapi.

Sasa mpe baba kalenda. Muhula unaisha katikati ya Mei. Programu nyingi za namna hii zinaanza mwanzoni mwa Juni na kumalizika mwishoni mwa Julai, na chuo kinafunguliwa wiki ya tatu au ya nne ya Agosti. Kwa hiyo kabla na baada kuna kama wiki sita ambazo kiwanda bado ni chako. Umenunua wiki nane, hukununua likizo nzima. Baba akilielewa hilo, mazungumzo yanabadilika. Na kama hata hivyo 3,104 ndiyo inayoshikilia paa la nyumba, kataa kwa heshima, na umwombe profesa wako mradi mdogo wa jioni hapohapo chuoni. Hakuna aibu hapo, na mtu asikuimbie wimbo mwingine.

Kabla hujakubali, mwandikie msimamizi wa programu maswali matatu: chakula kimo au najipikia? Nauli mnalipa mbele au mnarudisha baadaye kwa risiti? Posho ya kwanza inatoka wiki ya ngapi? Usione haya. Mwaka fulani mwanafunzi wangu mmoja alikwenda mahali ambapo karatasi za malipo zilikaa mezani kwa mtu, na pesa ya kwanza akaiona mwisho wa wiki ya tatu. Alikula mikate na siagi ya karanga mpaka akachukia karanga, mtoto wa Kisukuma! Na jambo moja zaidi: posho hizi mara nyingi hazikatwi kodi papo hapo kama mshahara wa kiwanda. Tenga kidogo kila wiki, maana Aprili, mwezi wa hesabu za kodi, inakuja.

Haya, vidoti. Kwanza tuondoe mkanganyiko ulioanzia kidato cha pili: grafu hii si ile ya mhimili wa x na mhimili wa y. Hapa grafu ni nukta, na mistari inayounganisha baadhi ya nukta. Basi. Haijalishi mstari umenyooka au umepinda, wala una urefu gani. Kinachojalisha ni nani kaunganishwa na nani. Kila kitabu kitakuanzishia madaraja saba ya mji wa Königsberg na mwanahisabati Euler wa mwaka 1736. Ni hadithi nzuri, utaisikia mara kumi kabla ya Agosti. Mimi nakuanzishia na mchezo mliocheza Nyarugusu: polisi na mwizi.

Polisi wanachagua nukta zao kwanza. Mwizi anatazama, naye anachagua yake. Kisha wanapokezana zamu, polisi kisha mwizi. Kwenye zamu yako unaweza kusogea kwa mstari mmoja hadi nukta ya jirani, au ukabaki ulipo. Wote wanaonana, hakuna kujificha. Polisi akitua juu ya mwizi, mchezo umekwisha. Swali ni moja: kwa grafu iliyoungana kuwa kipande kimoja, polisi wangapi wanatosha ili mwizi asipone hata awe mjanja namna gani?

Grafu ikiwa ni mti, yaani matawi matupu yasiyozunguka kurudi yalikotoka, polisi mmoja anatosha. Anamfuata taratibu mpaka mwizi anaishiwa na tawi. Ikiwa ni duara la nukta nne au zaidi, mmoja hatoshi, watazunguka mpaka Kiyama. Wawili wanatosha. Sasa chukua karatasi. Chora nyota ya pembe tano, ile ya kuchora bila kuinua kalamu, lakini nukta ziwe kwenye ncha tano tu, pale mistari inapokatana katikati hapahesabiki. Izungushie pentagoni kwa nje. Kila ncha ya nyota iunge kwa mstari mmoja na kona ya pentagoni iliyo karibu nayo. Umepata nukta 10 na mistari 15, kila nukta ina majirani watatu. Hii inaitwa grafu ya Petersen, na utaishi nayo kama unavyoishi na ndugu.

Weka polisi wawili na mwizi mmoja. Mwanzoni kila polisi anatawala nukta yake na majirani watatu, jumla nne. Wawili wanatawala nane kwa wingi. Nukta ni kumi, kwa hiyo mwizi hakosi pa kuanzia. Mchezo ukiendelea, itazame nukta aliyosimama. Ina milango mitatu ya kutokea. Polisi mmoja anaweza kuziba milango mingapi? Ili auzibe mlango, lazima awe amesimama juu yake au awe mstari mmoja kutoka hapo. Akiwa amesimama juu ya mlango mmoja na anataka kuziba wa pili, milango hiyo miwili ingebidi iungane, na pangekuwa na pembetatu. Itafute: haipo. Akiwa nje ya milango na anataka kuziba miwili kwa pamoja, pangetokea umbo la pembe nne, yaani mwizi, mlango, polisi, mlango wa pili. Nalo halipo, mzunguko mfupi kuliko yote katika mchoro huu una nukta tano. Kwa hiyo polisi mmoja, mlango mmoja. Polisi wawili, milango miwili. Mwizi ana mitatu.

Soma tena kifungu hicho huku umeshika kalamu. Huo ni uthibitisho kamili, haukuacha kitu. Wazo hili wanahisabati Aigner na Fromme waliliandika mwaka 1984 kwa grafu zote za namna hiyo, na katika makala hiyohiyo wakaonyesha kwamba grafu yoyote unayoweza kuichora karatasini bila mistari kukatana, polisi watatu wanatosha, iwe na nukta kumi au milioni. Grafu yenye nukta chache kuliko kumi haiwezi kamwe kuhitaji polisi watatu. Na wanne je? Nukta 19 kwa uchache, na hilo lilithibitishwa juzi tu, mwaka 2021, na Turcotte na Yvon. Ukiuliza kwa ujumla, grafu ya nukta nyingi inaweza kudai polisi wangapi, unaingia kwenye dhana ya Meyniel ya miaka ya themanini, kwamba idadi haipiti kipeuo cha pili cha idadi ya nukta mara namba fulani isiyobadilika. Hakuna aliyeithibitisha, hakuna aliyeikanusha. Mtoto wa darasa la tano anaelewa mchezo, na maprofesa wamekwama. Ndiyo sababu programu za wanafunzi wa shahada ya kwanza zinapenda grafu: hakuna ngazi ya miaka mitano ya kupanda kabla hujafika kwenye swali ambalo halijajibiwa.

Utafanya nini wiki nane? Wiki ya kwanza watawafundisha, na utadhani ni darasa. Ya pili na ya tatu utakaa mbele ya ubao na wenzako wawili watatu, na hakuna kitakachotokea. Siyo kwamba kitatokea kidogo. Hakuna. Utachora mifano midogo mpaka kidole kiote sugu, jioni mtaandika programu ya kompyuta ikague mifano ambayo mkono haiwezi, asubuhi mtagundua programu ilikuwa na kosa. Mwisho wa Julai mnaandika mlichopata na kusimama mbele ya watu kwa dakika ishirini.

Programu yangu mwenyewe ilikuwa 2003, katika chuo kidogo cha Minnesota nilikokuwa nasoma, nimetoka Tanga sijui hata soksi za baridi zinauzwa wapi. Tulikuwa wanne, tumepewa polisi na mwizi kwenye ndugu wakubwa wa Petersen: pete kubwa nje, nyota kubwa ndani. Wiki ya tano tukathibitisha kwamba polisi watatu wanatosha kwa zote. Tulikula pitsa. Tulikuwa na kijana wa chuo chenye jina, anaongea tangu asubuhi, kila sentensi inaanza na “ni wazi kwamba”. Na tulikuwa na binti aliyetoka chuo cha jamii cha miaka miwili, anayefanya kazi ya kufagia ofisi usiku, hasemi. Wiki ya sita, Jumatano, yule binti akauliza kwa sauti ndogo: “Na mwizi akikaa?” Kimya. Kanuni inamruhusu mwizi kubaki alipo. Sisi katika kurasa kumi na moja mwizi wetu alikuwa anakimbia tu, hapumziki, na uthibitisho wote ulisimama juu ya kukimbia kwake. Ulianguka wote. Tuliokoa kurasa nne, kwa aina moja nyembamba ya hizo grafu. Miaka mingi baadaye wengine walithibitisha kwamba polisi wanne wanatosha daima kwa familia ile nzima.

Zile kurasa nne nilizipeleka kama bango kwenye mkutano wa wanahisabati wa Marekani, Phoenix, Januari 2004. Nilikwenda na koti la theluji. Phoenix ni jangwa.

Kwa hiyo C zako mbili na lafudhi yako, niseme nini. Waliokuchagua wameziona C, zimo kwenye karatasi yako ya matokeo. Lafudhi haizuii nukta. Nenda na daftari lenye kurasa zilizoshonwa, andika tarehe kila ukurasa, na andika pia vilivyoshindikana, hasa hivyo. Na swali lako lolote linaloanza na “na kama mwizi...”, liulize hata kama mwenye “ni wazi kwamba” amekunja uso.

Mwisho, baba. Usimpe hotuba. Mchoree Petersen kubwa kwenye boksi la kadibodi, umpe vifuniko viwili vya Fanta awe polisi, wewe chukua cha Pepsi uwe mwizi. Mwambie akikukamata unakwenda kiwandani.

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama wa Ngamiani, Tanga. Binti yangu anasoma huko Marekani, mwaka wa tatu. Kaniambia likizo hii harudi nyumbani, kapata kazi chuoni kwake ya kuchora nukta na kuziunganisha, na eti analipwa. Dada yangu aliyeko Muscat ananiambia huo ni utapeli, watoto wanaingizwa kwenye mambo ya mitandaoni. Silali. — Mama Ngamiani

Mama mwenzangu, nzuri, na pole kwa usingizi. Mwambie dada wa Muscat amefanya vyema kutilia shaka, lakini safari hii siyo. Kazi hiyo ipo, ni ya zamani. Mjini Duluth, jimbo la Minnesota, profesa Joseph Gallian alianza kukusanya wanafunzi wachache kila majira ya joto tangu 1977, baadhi yao kwa maswali ya nukta na mistari. Mwaka 1987 shirika la serikali ya Marekani la sayansi, NSF, likaanzisha mpango wa nchi nzima wa kuwalipa wanafunzi wa shahada ya kwanza wafanye utafiti likizo, na vyuo vingi vina mifuko yao wenyewe mbali na huo.

Kwa nini walipe mtoto achore? Ratiba ya mitihani ya chuo, kwa mfano, inaweza kupangwa hivi. Kila somo ni nukta, masomo mawili yenye mwanafunzi mmoja wa pamoja yanaungwa kwa mstari, kisha kila nukta inapewa rangi, na walioungana wasifanane rangi. Rangi ni vipindi vya mtihani. Rangi chache, siku chache. Lakini nisikudanganye, maswali mengi tunayowapa watoto hayana kazi yoyote leo. Wanalipwa wajifunze kushikilia jambo gumu wiki nane bila kuonyeshwa jibu nyuma ya kitabu.

Dalili za utapeli ni nyingine: kuombwa ada ili “kusajiliwa”, kuombwa namba ya siri ya benki, barua isiyotoka kwenye anwani ya chuo. Programu za NSF hazimtozi mwanafunzi hata senti. Mwambie akuonyeshe barua ya chuo na jina la profesa. Halafu mpigie Ijumaa jioni, umuulize swali moja: “Leo umekwama wapi?” Atafurahi mpaka atalia. Swali hilo watoto hawa hawaulizwi na mtu wa nyumbani.

Mwalimu, mimi ni wa Arusha, niko Ohio kwa viza ya mwanafunzi. Nimeomba programu kumi za utafiti, saba zimenijibu kwamba siwezi kwa sababu ya uraia. Kwani hesabu ina pasipoti? — Nimechoka

Hesabu haina. Pesa inayo. Fedha za NSF za mpango huo ni za raia na wakaaji wa kudumu wa Marekani tu, na wasimamizi hawana ruhusa ya kupindisha hata wakikupenda. Ndiyo maana nilipokuwa na viza kama yako, posho yangu ilitoka mfuko wa chuo changu mwenyewe. Wewe ulipoteza muda wa kujaza fomu saba ambazo sharti lake lilikuwa limeandikwa juu kabisa. Mwaka ujao soma mstari wa sifa kabla ya kusoma mada.

Njia zipo mbili tatu. Baadhi ya programu zina nafasi chache zinazolipwa na fedha nyingine, na huandika wazi kwamba wageni wanaruhusiwa. Nafasi hizo ni finyu na ushindani wake ni mkali, usiweke mayai yote hapo. Njia iliyo bora ni kumfuata profesa wa chuoni kwako mwezi wa Novemba, si Machi, ukiwa na swali mkononi. Kwa viza ya F-1, hiyo ya mwanafunzi, unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo chako, saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na muda wote wakati wa likizo. Kwa kazi ya nje ya chuo kuna kibali cha mafunzo kinachofungamana na masomo, lakini kwa kawaida mpaka umalize mwaka mzima wa masomo kwanza, na kinapitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Usianze hata siku moja kabla ya karatasi hiyo kutoka. Na ufahamu kwamba hata wenye uraia hawana raha: bajeti zimeyumba, na mwaka 2025 baadhi ya vituo vilifuta msimu.

Mwalimu, mbona mnaongea ya Marekani tu? Mimi nasoma hisabati Dar es Salaam. Likizo ndefu tunakwenda PT, yaani mafunzo kwa vitendo, mwaka jana nilipangwa ofisini, nikapiga fotokopi wiki nane. Sisi hatuwezi kufanya huo utafiti wa grafu? — Mpiga fotokopi

Umenishika. Mnaweza, na ninakueleza namna ya kuanza Jumamosi ijayo.

Tafuta wenzako watatu, siyo kumi. Mtafute mhadhiri mmoja ambaye hacheki mtu akikosea ubaoni, mwombe saa moja kila wiki mbili. Zaidi ya hapo mtamchosha. Programu ya SageMath ni ya bure na inajua grafu vizuri. Makala mpya za hisabati ziko kwenye tovuti ya arXiv bila malipo. Na yule Gallian niliyemtaja kwa Mama Ngamiani ana kazi moja kubwa, muhtasari wa yote yanayojulikana kuhusu kuweka namba kwenye grafu. Alianza kuuchapa mwishoni mwa miaka ya tisini katika jarida la bure la intaneti, umeongezwa mara nyingi tangu hapo, na umepita kurasa 500. Kwa mtu asiye na maktaba, hilo ni shamba lililokwisha limwa. Humo utaona kilichothibitishwa, na ukisoma kwa makini utaona mashimo.

Mfano mmoja. Chukua mti wenye nukta nne mfululizo. Zipe namba 0, 3, 1, 2 kwa mpangilio huo. Kila mstari upe tofauti ya namba za ncha zake: 3, 2, 1. Zote zimetokea, hakuna iliyojirudia. Je, kila mti, wa umbo lolote, unaweza kupewa namba kuanzia 0 hadi idadi ya mistari yake kwa namna hiyo? Swali hili linatokana na kazi ya mwanahisabati Rosa ya 1967 na bado liko wazi. Msilishambulie lote, limewameza watu wazima. Chagueni aina moja ya miti, yenye matawi ya mpangilio fulani, mwone kama imo kwenye muhtasari. Kama haimo, hiyo ni yenu.

Mkikosa mti, panda mwendokasi. Njia ya awamu ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi yake ya Morocco na Gerezani, ni mti halali. Vituo ndizo nukta. Andikeni namba. (Na mwizi akikimbilia humo bila kushuka, polisi mmoja anatosha, nimeshasema.)

Tahadhari: mkimaliza, zitawajia barua pepe tamu za majarida yanayotaka dola mia mbili ili yachape kazi yenu ndani ya siku tano. Futeni. Majarida mazuri ya fani hii yako mengi yasiyomtoza mwandishi, ila yatawakalisha miezi yakisoma kila mstari, na pengine yatakataa. Kuhusu PT, mwombe mhadhiri huyohuyo akuandikie barua upangwe idarani mwake. Mashine ya fotokopi haitakukosa.

Tukiwa tunaelekea mitamboni, Kijana wa Nyarugusu ameniandikia tena. Baba alicheza jioni tatu mfululizo baada ya shifti, vifuniko viwili vya Fanta, hakumkamata. Jioni ya nne akaja mezani na kifuniko cha tatu mfukoni, hakusema kitu, akakiweka kwenye nukta ya ndani. Akamkamata kwa zamu chache. Sasa anadai ahadi ni ahadi. Wameandikiana kwenye lile boksi: wiki tatu za Mei kiwandani, tatu za Agosti kiwandani, na katikati mtoto aende akatafute grafu ambayo hata polisi watatu hawatoshi, airudishe nyumbani ikiwa imechorwa.

Nimemwambia aanze na nukta 19.